Kabla Hujampokea Mtoto kwa Jina la Bwana

Bwana Yesu asifiwe.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, dada mmoja wa jumuiya yetu hapa Pasua, Moshi, alinivuta pembeni. Aliniambia Mungu amemwekea mzigo moyoni wa kuchukua mtoto amlee, na hajui aanzie wapi. Mnada wa matoleo ulikuwa unaendelea nje ya kanisa, mkungu wa ndizi unapandishwa bei, watu wanapita wakitusalimia. Sikumjibu vizuri, kwa hiyo namjibu hapa. Na wewe mwenye mzigo kama wake, soma pamoja naye.

Mimi na mume wangu tulimpokea kijana wetu miaka saba iliyopita, akiwa na miaka tisa. Jina lake sitaliandika, na mbele utaelewa kwa nini. Aliletwa na afisa ustawi wa jamii jioni ya masika, miguu imejaa tope, mkononi ana shangazi kaja ndogo iliyokatika zipu, imefungwa kwa kamba ya katani. Tulikuwa tumemwachia rafu nzima kwenye kabati la watoto. Hakuitumia. Nguo zikikauka kwenye kamba, alizikunja mwenyewe na kuzirudisha kwenye ile shangazi kaja, kisha akaiweka nyuma ya mlango. Usiku niliposimama kufunga komeo niliikuta pale, imefungwa kabisa, kama ya mtu anayesubiri basi la alfajiri. Ilikaa hivyo miezi minane.

Niseme kwanza kuhusu imani, maana ndiyo iliyotuingiza katika safari hii. Watu wengi wanaanza kwa huruma. Umemwona mtoto analala kwenye vibaraza vya stendi, au umesikia habari ya mtoto aliyeachwa hospitali ya Mawenzi, moyo ukachomeka. Huruma ni nzuri, lakini yangu iliisha mwezi wa pili tangu aje. Iliisha saa tisa za usiku, nikifua shuka iliyokojolewa kwa mara ya nne wiki ile, maji ya baridi, na asubuhi natakiwa dukani. Hapo huruma haikuniambia kitu. Kilichobaki ni kwamba nilikuwa nimeahidi mbele za Mungu, na kwamba mimi mwenyewe nilipokelewa na Mungu huyo bila kustahili, na sijawahi kumlipa hata senti. Mwinjilisti wetu aliwahi kutufundisha kwamba Paulo anaposema kwa Warumi tumepokea roho ya kufanywa wana, anasema habari ya watu ambao hawakuzaliwa nyumbani humo, wakaingizwa na kupewa haki ya kuita Baba. Nilifua ile shuka nikiwa nalikumbuka neno hilo. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema mambo ya dini yakae mbali na malezi. Kwangu bila imani mtoto yule angerudishwa kabla ya Krismasi.

Lakini imani hiyohiyo ndiyo niliyomuumizia.

Usharika wetu, kama sharika nyingine za KKKT, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, huadhimisha Sikukuu ya Mikaeli na Watoto mwishoni mwa Septemba. Watoto wanaongoza ibada, wanasoma masomo, wanaimba. Kijana wetu alikuwa mbele na wenzake, amevaa shati jeupe nililolipata soko la Memorial na kulipiga pasi vizuri. Ilipofika nafasi ya shuhuda nikasimama. Nikaeleza jinsi Mungu alivyosema nasi, jinsi tulivyotii, na nikamnyooshea mkono nikisema, “Mungu ametupa yatima huyu.” Watu walipiga makofi. Mama mmoja alilia. Nilirudi kukaa nikiwa na amani tele.

Nyumbani hakula. Nilimkuta kwenye ngazi za mlango wa nyuma, shangazi kaja imelala mapajani. Nilimuuliza mara mbili ana nini. Mara ya tatu akajibu bila kuniangalia: “Mama yangu hajafa.”

Na kweli hakuwa amefariki. Nilijua. Yupo mpaka leo, na habari zake si zangu kuzisimulia. Nilisema “yatima” kwa sababu neno hilo limo kwenye Biblia, na kwa sababu ushuhuda wangu ulipendeza zaidi likiwemo. Nilimuua mama wa mtoto mbele ya usharika mzima ili watu waone utii wangu.

Yakobo anasema dini iliyo safi ni kwenda kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao. Mstari huo nimeusoma tangu kipaimara. Siku ile ndipo nilipoliona neno lenyewe: kuwatazama. Sisi tunasema twende tukamtazame mgonjwa, na tukienda tunabeba uji, tunakaa naye, tunafagia chumba. Hatumtoi mgonjwa barazani aonwe na wapita njia. Neno limesema kuwatazama, mimi nilikuwa nimemwonyesha.

Nilikaa naye pale ngazini nikamwomba msamaha. Nikamuuliza, watu wakiniuliza wewe ni nani, unataka niseme nini? Akafikiri muda mrefu. “Sema ni kijana wako, basi.” Ndivyo ninavyosema mpaka leo. Novemba ya mwaka uleule nilikuta mashati mawili kwenye rafu. Mengine bado yalikuwa ndani ya begi, na sikuyagusa. (Makala hii ameisoma yeye kwanza. Kuna sehemu mbili aliniambia nizitoe, nimezitoa.)

Kwa hiyo dada yangu, jambo la kwanza ninalokuomba ni hilo. Usipige picha ya mtoto uirushe kwenye kundi la WhatsApp la kwaya. Usimlazimishe kukuita mama. Wangu aliniita anti kwa miaka miwili na nilijifunza kuitika kwa furaha. Wala usimkumbushe fadhila. Siku akikujibu vibaya, neno la “na yote niliyokufanyia” litakuja mpaka kwenye ulimi. Limeze.

La pili ni fimbo. Najua tunayo mistari yetu ya Mithali, na nimelelewa kwa fimbo kule Mwika, sina kinyongo na wazazi wangu. Lakini mtoto aliyepigwa na watu waliopaswa kumlinda hajui tofauti ya fimbo ya adabu na fimbo nyingine. Mume wangu aliinua tu mkono kuua mbu, mtoto akajificha chini ya meza. Tangu siku ile fimbo haijaingia nyumbani kwetu, hata kwa binti tuliyemzaa. Adabu tumeijenga kwa kazi, kwa kunyimwa televisheni, na kwa maneno mengi ya kuchosha. Inawezekana.

Upande wa serikali, usiogope. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inauita mpango huu malezi ya kambo, jina ambalo silipendi, maana mama wa kambo mtaani kwetu ana sifa mbaya, ila ndilo utakalolikuta kwenye makaratasi. Si sawa na kuasili. Kuasili kunapitia mahakamani, na mtoto anakuwa wako moja kwa moja. Katika malezi ya kambo mtoto bado ana watu wake, na mambo yakitengemaa anaweza kurudi kwao. Watauliza kuhusu kipato, wataangalia anapolala, wataongea na majirani na mwenyekiti wa mtaa. Mimi mwanzoni niliona wananidharau. Leo naona heri wangeuliza zaidi. Usikubali kuletewa mtoto kimyakimya na mtu yeyote, hata awe mpendwa wa kanisani, bila ustawi kujua.

Ndugu zake nao ni wako sasa. Kila Desemba, Wachaga wakipanda nyumbani, sisi tunampeleka kwanza kwa bibi yake. Mara ya kwanza yule bibi alitupokea kwa mashaka, akidhani tumekuja kumnyang'anya. Mwaka wa tatu alitupa jogoo.

Fedha sina mengi ya kusema. Ada kwenye shule za serikali haipo, ila sare, madaftari na michango ya chakula vipo, na jumuiya ilitusaidia gunia la mahindi mwaka wa kwanza. Omba msaada bila aibu, ila eleza shida zako, si za mtoto.

Aliwahi pia kukaa kwetu majuma matatu binti wa familia ya Kiislamu. Hatukumpeleka kanisani. Jirani yetu mama mmoja alimchukua madrasa pamoja na wanawe, na jioni alirudi kula kwetu. Kuna waliotusema kwamba tumepoteza nafasi ya kuokoa roho. Mimi naamini tulimpokea kama Bwana alivyoagiza kupokea watoto.

Sasa dada, ukienda ofisi ya ustawi pale manispaa, usianze kwa kusema unataka mtoto wa kike, mdogo, mwenye afya. Waambie ukweli: mna vyumba viwili, mkwe anaumwa mguu, shemeji anarudi saa tatu usiku. Wao ndio wapime ni mtoto gani anawafaa, au kama msubiri kwanza. Jumanne huwa sifungui duka mpaka saa nne. Ukitaka, nipitie saa mbili asubuhi twende wote.