Maji ya tangi la samaki yakigeuka kijani, usiyamwage yote

Shemeji yangu alipokuja kututembelea Ipagala, alisimama mbele ya tangi langu la samaki, akainama, akatazama weee, kisha akaniuliza: "Shemeji, huu mlenda mmeuloweka wa nini?" Ndani ya rojo lile walikuwemo samaki wa dhahabu wanne. Ili umwone mmoja ilibidi usubiri mpaka apite karibu na kioo.

Ilikuwa Oktoba, ile Dodoma ya jua la utosi na upepo wa vumbi. Tangi ni la lita 120, nilitengenezewa na fundi vioo, nikaliweka chini ya dirisha la sebuleni linalotazama mashariki kwa sababu hapo ndipo lilipopendeza. Kwa wiki tatu nilikuwa namwaga maji yote kila Jumamosi. Nasugua kioo, naosha kokoto, nasuuza sponji ya chujio kwa maji ya bomba mpaka inarudi kama ya dukani. Jumapili tangi linang'aa. Jumatano limekuwa rangi ya mchaichai. Ijumaa, mlenda.

Nilikuwa napigana na uchafu, kumbe ule haukuwa uchafu. Ni mwani: vijimea vidogo mno, huwezi kukiona kimoja kwa macho, vinaelea majini kwa mamilioni. Na kama mchicha tu, vinataka jua na mbolea. Jua nilikuwa navipa asubuhi nzima. Mbolea ni mavi ya samaki na chakula kinachobaki, ambavyo huoza na mwishowe kuacha nitrati na fosfati ndani ya maji. Kwenye sponji ya chujio na kwenye kokoto huishi bakteria wanaoigeuza amonia, ambayo ni sumu kwa samaki, kuwa nitriti na kisha nitrati. Mimi kila Jumamosi nilikuwa nawaua kwa klorini ya bombani. Tulianza na samaki sita. Wale wawili hawakuuawa na mwani, niliwaua mimi kwa usafi wangu.

Tena wapo wanaoutafuta huo ukijani. Wafugaji wa sato kwenye mabwawa hutia samadi makusudi ili mwani uote, samaki wapate chakula. Hupima kwa mkono: unauzamisha wima, na kiganja kikipotea machoni maji yanapofika kwenye kiwiko, mbolea inatosha. Kwa kipimo hicho tangi langu lilikuwa bwawa la mfano!

Kilichonisaidia kwanza ni kulihamisha. Nililipunguza maji kabla ya kulinyanyua, maana lita 120 ni kilo 120 bila kioo wala kokoto, na kioo kikipinda silikoni, ile gundi inayounga vioo, inaachia. Likaenda kwenye ukuta wa ndani ambako jua halifiki. Kisha nikalifunika blanketi zito pande zote kwa siku nne. Taa imezimwa, chakula hakuna. Usiogope, samaki wa dhahabu mkubwa na mzima anavumilia siku nne bila kula.

Ila pampu ya hewa isizimwe hata dakika moja. Mwani ukikosa mwanga hautoi oksijeni, unaitumia, na ule unaokufa unaoza na kuimaliza zaidi. Usiku wa tatu umeme ulikatika. Nilifunua kona ya blanketi, nikamulika kwa tochi ya simu, nikawakuta wote wanne juu kabisa, midomo nje, wanahema. Nikakaa hapo na jagi, nachota na kumimina kwa juu ili maji yachanganyike na hewa, mpaka umeme uliporudi saa sita kasoro. Kesho yake nilitafuta pampu ndogo ya betri.

Siku ya tano nilipofunua, maji yalikuwa yamefifia, kijivu chenye ukungu. Nikatoa theluthi, baada ya siku mbili theluthi nyingine. Maji mapya niliyaacha kwenye ndoo zilizo wazi saa 24 klorini iruke. Ukichota kwenye simtanki lililo juani, chota alfajiri. Saa tisa alasiri maji yale yana joto la kumwogeshea mtoto, samaki atashtuka. Na kama unatumia kisima, yapime kwanza kwa zile karatasi za kupimia. Ya kisima cha jirani yangu yalikuwa na nitrati hata kabla hayajaona samaki, yaani ningekuwa natia mbolea kwa ndoo.

Kuhusu dawa za kuua mwani, sizipendi. Baadhi zina shaba, ambayo huua konokono na uduvi, na mbolea iliyolisha mwani inabaki palepale. Taa ya UV, yaani ya miale inayoua vijimea, inayopitishiwa maji inafanya kazi kwa maji ya kijani, lakini haigusi mwani ulioganda kwenye kioo. Huo nauparua kwa kadi ya benki iliyokwisha muda.

Siku hizi taa inawaka kwa muda wa saa nane tu kwa siku. Chakula ni mara moja kwa siku, kile wanachokimaliza ndani ya dakika mbili, na watoto nimewakataza kutupia "kidogo tu". Sponji naikamua ndani ya ndoo ya maji ya tangi lenyewe. Juu nimening'iniza lile ua la kutambaa lenye majani ya umbo la moyo, mizizi imezama majini inakula nitrati kabla mwani haujaiona.

Kila Jumamosi bado natoa maji, ila robo tu, ndoo moja na nusu ya lita 20, nanyonya kwa mpira kutoka chini kwenye kokoto. Kwa mgao wetu huu wa maji siyamwagi, yanaenda kwenye mzabibu uani. Mwani wa kioo cha nyuma nimeuacha. Samaki wanautafuna mchana kutwa.