Gari Haliwaki: Maswali ya Wasomaji na Majibu ya Fundi

Barua za safari hii karibu zote zinahusu jambo moja, nalo ni gari linalokataa kuwaka. Nimezisoma zote, na katika nyingi nimekuta habari ileile ya kusikitisha: msomaji amekwisha kununua betri, au stata (mota ya umeme inayozungusha injini ili iwake), au pampu ya mafuta, kabla ya mtu yeyote kupima kitu chochote. Kwa hiyo, katika kila jibu nitaanza na swali ambalo humuuliza kila anayeniletea gari la namna hii: ukigeuza ufunguo, injini inazunguka au haizunguki? Injini isiyozunguka ina shida ya umeme wa kuizungusha, yaani betri, nyaya, swichi au stata. Injini inayozunguka vizuri bila kushika, yaani bila kuwaka, ina shida ya mafuta, ya moto wa plagi au ya taimingi (mpangilio wa wakati wa valvu na pistoni). Ni magonjwa mawili tofauti, na dawa ya moja haitibu jingine.

Swali: Ndugu fundi, gari langu nikigeuza ufunguo linatoa mlio wa tak-tak-tak wa harakaharaka na taa za dashibodi zinafifia. Nilinunua betri mpya, likawaka vizuri kwa siku sita, kisha mlio uleule ukarudi. Je, nimeuziwa betri mbovu?

Jibu: Inawezekana, lakini sidhani, na ningekuomba usiirudishe kabla ya kupima. Mlio huo unatoka kwenye solenoidi ya stata, yaani swichi ya sumaku inayoiunganisha stata na betri. Solenoidi inavutwa na umeme mdogo, lakini mara stata inapodai umeme mwingi wa kuzungusha injini, nguvu inaporomoka na solenoidi inaachia. Nguvu ikipanda kidogo inavutwa tena, na hivyo hivyo mara kadhaa kwa sekunde. Maana yake ni kwamba umeme wa kutosha haufiki kwenye stata. Haina maana kwamba betri ndiyo iliyokufa.

Tafuta kipima umeme, kile ambacho mafundi hukiita mita. Gari likiwa limelala usiku kucha bila kuguswa, betri ya volti 12 iliyojaa husoma takribani volti 12.6. Ukikuta 12.2, imebaki na karibu nusu ya chaji, na ikiwa chini ya 12 ni kama tupu. Kisha mwenzako apige stata huku wewe ukitazama mita: betri nzima haipaswi kushuka chini ya takribani volti 9.6. Baada ya hapo liwasheni gari, hata kwa kubusti (kuazima umeme wa betri ya gari jingine), na mpime tena injini ikiwa inanguruma. Katika magari mengi mita inapaswa kupanda na kusoma kati ya 13.5 na 14.7. Ikibaki 12 na ushee, alternata, yaani mashine inayozalisha umeme injini ikizunguka, haichaji, na betri yako mpya ilikuwa inatumika kama mtungi wa maji usiojazwa. Siku sita ni muda unaolingana kabisa na habari hiyo.

Ikiwa chaji iko sawa, geukia temino, yaani vichwa vya nyaya vinavyobana nguzo za betri. Fungua kichwa cha hasi kwanza, kisha cha chanya, uviinue na kutazama sehemu ya ndani, ile inayokumbatia nguzo ya risasi. Mara nyingi kwa nje panang'aa, lakini ndani pana utando wa kijivu, au unga mweupe wenye rangi ya kijani, na umeme mwingi haupiti hapo hata nati ikazwe namna gani. Mwagia maji yaliyochanganywa na bikaboneti ya soda, utaona povu likifoka kwa sababu asidi inauawa. Povu likikoma suuza, kausha, sugua kwa brashi ya waya mpaka risasi ionekane, kisha rudisha chanya kwanza na hasi mwisho.

Kuna kipimo kimoja zaidi ambacho naona wengi hawakifanyi. Weka mguu mmoja wa mita kwenye nguzo ya hasi ya betri yenyewe, na mwingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha mwenzako apige stata. Mita ikisoma zaidi ya nusu volti, umeme unapotea njiani katika waya wa kurudi, ule unaounganisha hasi ya betri na bodi na injini. Niliwahi kuletewa gari lililokwisha kubadilishwa betri mbili na stata moja. Waya huo ulikuwa mzima machoni, lakini nati yake kwenye gearboksi ilikuwa imekazwa juu ya rangi na oili iliyoganda. Niliifungua, nikakwangua mpaka chuma cheupe kikatokea, nikakaza, na gari likawaka kwa mguso mmoja. Mwenye gari alikuwa amelipia vitu vitatu ambavyo havikuwa na kosa lolote, na tangu siku hiyo sikubali kubadilisha stata kabla ya kipimo hicho.

Swali: Injini yangu ya petroli inazunguka kwa nguvu kabisa lakini haishiki. Nimepiga stata mpaka betri imeanza kuchoka. Nianzie wapi?

Jibu: Anza kwa kuacha kupiga stata. Usiizungushe zaidi ya sekunde 10 kwa mara moja, na uipumzishe dakika moja hivi kati ya jaribio na jaribio, maana mota ya stata haikuundwa kufanya kazi mfululizo na inaungua kwa joto.

Sasa sikiliza. Zima redio na feni, fungua milango, weka ufunguo mahali pa kuwasha bila kupiga stata. Katika magari mengi utasikia pampu ya mafuta ikivuma kutoka upande wa tangi kwa sekunde mbili hivi, kisha inanyamaza. Ukiusikia mvumo huo, pampu inapata umeme, ingawa bado hujajua kama inatoa presha ya kutosha. Usipousikia, nenda kwenye boksi la fyuzi. Tazama fyuzi ya pampu, kisha ubadilishane rilei yake (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme) na nyingine iliyo sawa nayo kwa namba na miguu, kama ya honi. Kama gari lako lina swichi ya kukata mafuta baada ya ajali, nayo inaweza kuruka kwa sababu ya kugonga shimo kubwa, na huibonyeza tu ikarudi. Wala usiiamini mno geji ya mafuta: kielea chake kikikwama, geji itaonyesha robo tangi huku pampu ikinyonya hewa.

Ikiwa mafuta yapo, uliza habari ya moto. Plagi uliyoitoa ikiwa imelowa na kunuka petroli, mafuta yanafika lakini hayawashwi, au yamezidi. Injini iliyozidiwa na mafuta ina dawa rahisi: kanyaga pedali ya mafuta mpaka chini, uishikilie hapo, kisha piga stata kwa sekunde chache. Katika magari mengi ya sindano za kielektroniki, kompyuta ikiona pedali imekanyagwa yote wakati wa stata hukata mafuta, na hewa inakausha silinda. Usijaribu moto wa plagi kwa kushika waya mkononi. Volti za koili inayozalisha moto huo ni maelfu kwa maelfu, na kifaa cha kupimia moto ni cha bei ndogo.

Tazama pia taa ya ufunguo au ya kufuli kwenye dashibodi. Ikiwa inamweka wakati unapiga stata, huenda gari halijautambua ufunguo wako, na kompyuta imezuia mafuta au moto kwa makusudi. Jaribu ufunguo wa akiba kabla ya kufungua kitu chochote. Na kama una mashine ya kusomea misimbo ya hitilafu iliyohifadhiwa na kompyuta ya gari, isomeshe mapema. Msimbo P0335, kwa mfano, unahusu saketi ya sensa ya krenki, kifaa kinachoiarifu kompyuta jinsi shafti kuu ya injini inavyozunguka, na bila ishara ya sensa hiyo magari mengi hayatoi moto wala mafuta. Hata hivyo msimbo unataja saketi, hautaji kipuri. Waya uliokatika au soketi iliyoingia oili huleta msimbo uleule.

Nimeacha jambo zito mwisho. Ikiwa injini inazunguka kwa wepesi usio wa kawaida, kwa sauti laini iliyo sawasawa bila ule mpigo wa kubana silinda moja baada ya nyingine, acha hapo hapo. Huenda mkanda wa taimingi umekatika. Katika injini nyingi valvu na pistoni hupishana katika nafasi ileile kwa nyakati tofauti, na mkanda ukikatika hugongana. Kila unapoendelea kupiga stata unaweza kuongeza idadi ya valvu zilizopinda. Fungua kifuniko cha mkanda utazame kwanza.

Swali: Asubuhi gari langu linawaka bila shida. Nikisafiri, nikasimama kwa dakika kumi na kutaka kuondoka, linagoma. Baada ya nusu saa linawaka kama kwamba hakuna kilichotokea. Mafundi wawili hawakuona kitu.

Jibu: Hawakuona kwa sababu wakati wanalipima lilikuwa limekwisha kupoa. Injini ikizimwa, maji na feni huacha kuipoza, na kwa dakika kadhaa joto chini ya boneti hupanda kuliko lilivyokuwa barabarani. Kipuri kilichochoka hugoma katika dakika hizo. Swali langu linabaki lilelile: linapogoma, linazunguka?

Likiwa linazunguka bila kushika, mshukiwa wangu wa kwanza ni sensa ya krenki. Ndani yake mna koili ya waya mwembamba sana au kipande cha kielektroniki, na ufa mdogo hufunguka kwa joto na kujifunga kwa baridi. Siku litakapogoma, ipoze sensa hiyo kwa kitambaa kilicholowa maji, ukijihadhari na bomba la moshi na feni. Likiwaka ndani ya dakika mbili au tatu badala ya nusu saa, umempata. Kama bomba la moshi linanuka petroli, fikiria pia nozeli (sindano ya mafuta) inayovuja na kuijaza injini mafuta, na utumie ile njia ya pedali niliyoieleza.

Likiwa halizunguki, au linazunguka kwa uzito, ni stata yenyewe au nyaya zake, hasa pale stata inapokaa karibu na bomba la moshi na kinga yake ya joto imekwisha kuondolewa na mtu aliyeona haina kazi.

Swali: Gari langu ni la dizeli. Kukiwa na baridi linazunguka muda mrefu, linatoa moshi mweupe, kisha linashika kwa kutetemeka.

Jibu: Moshi huo umekusaidia sana. Dizeli haina plagi za moto. Huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa, na injini ya baridi inahitaji msaada wa hita plagi zinazopasha chumba cha mwako. Moshi mweupe wakati wa stata ni dizeli iliyofika lakini haikuwaka. Pima kila hita plagi ukiwa umeitoa waya wake: nzima husoma kiasi kidogo sana, kwa kawaida chini ya omu 2, na iliyokatika haisomi kitu. Zikiwa nzima, pima kama umeme unafika, yaani rilei na fyuzi yake. Vilevile subiri taa ya hita izimike ndipo upige stata.

Kama moshi usingeonekana kabisa ningekuambia habari nyingine, kwamba mafuta hayafiki au hewa imeingia kwenye mfumo, na hapo ungekagua filta na maungio ya mipira, kisha ungetoa hewa kwa pampu ya mkono. Nakusihi usipulizie dawa ya etha ya kuwashia kwenye injini yenye hita plagi. Huwaka kabla ya wakati wake, na inaweza kuvunja pistoni.

Swali: Gari likikaa siku tatu betri inaisha. Betri na alternata zimepimwa, ni nzima.

Jibu: Kuna kitu kinakula umeme usiku. Unganisha mita kwenye njia ya ampea, kati ya nguzo ya hasi na waya wake, funga milango, usiwashe chochote, na usubiri hata saa nzima ili kompyuta za gari zilale. Kwa magari mengi kiasi cha miliampea 50 au chini yake si neno. Miliampea 500 ni ampea-saa 12 kwa siku, na kwa siku tatu betri ya ampea-saa 60 hupoteza zaidi ya nusu ya chaji yake, hivyo huenda isibaki na nguvu ya kupiga stata. Chomoa fyuzi mojamoja mpaka namba ishuke. Saketi ya fyuzi hiyo ndiyo yenye mwizi. Mara nyingi nimekuta taa ya buti isiyozimika, au redio na king'ora vilivyofungwa baadaye.

Swali: Nilipita kwenye maji mengi, gari likazima. Nilipojaribu kuliwasha stata iligonga mara moja, ikakwama. Jirani anasema tulisukume.

Jibu: Tafadhali msilisukume, na usiguse stata tena. Huenda maji yameingia kwenye silinda, na maji hayabanwi kama hewa. Ukilazimisha, mkono wa pistoni unapinda. Toa waya wa hasi wa betri. Fungua filta ya hewa: ikiwa imelowa, plagi zote zitolewe, na injini izungushwe kwa spana kwenye puli ya krenki, taratibu, mpaka maji yatoke kwenye matundu ya plagi. Kagua na oili pia. Ikiwa imekuwa na rangi ya maziwa, imwagwe na filta yake ibadilishwe kabla ya mtu yeyote kugeuza ufunguo.