Maswali ya Wasomaji: Huyu ANTONINVS ni yupi?

SWALI: Nimenunua dinari ya Kirumi, ya fedha, kipenyo milimita 19, uzito gramu 3.1. Upande wa kichwa kuna mwanamume mwenye ndevu fupi na shada la majani, na maandishi ANTONINVS PIVS AVG GERM. Nyuma pameandikwa P M TR P XVIII COS IIII P P, na katikati mtu kainua mkono mmoja, wa pili kashika tufe. Muuzaji kaandika kwenye bahasha "Antoninus Pius". Ni kweli? (Msomaji, London)

JIBU: Hapana. Huyo ni Caracalla, mfalme wa Roma ambaye kwenye sarafu aliandikwa Antoninus, na sarafu ni ya mwaka 215. Antoninus Pius, mfalme wa kabla yake, alifariki mwaka 161. Mtu wa nyuma ni Sol, mungu wa jua.

Soma kuanzia chini kushoto, karibu na bega, ukifuata mwendo wa mishale ya saa. V ndiyo U yao. Kisha angalia PIVS na AVG zimefuatanaje. Antoninus Pius huandikwa AVG PIVS. Caracalla huandikwa PIVS AVG. Wengi wanakodolea macho COS IIII (konsuli, cheo cha juu serikalini, mara ya nne), lakini hiyo haisaidii kitu, maana wote wawili walishika ukonsuli mara nne. GERM (Germanicus, mshindi wa Wajerumani) ndiyo inayofunga kesi: Caracalla alijitwalia sifa hiyo mwaka 213, baada ya vita vya Ujerumani, na Pius hakuwa nayo kamwe.

Mwaka unatoka kwenye TR P, mamlaka ya utribuni yaliyohuishwa kila mwaka. Kwa Caracalla jumlisha 197: 18 na 197 ni 215. Hesabu hii usiihamishie kwa mfalme mwingine, kwani kila mmoja alianza kuhesabu kwa wakati wake.

Elagabalus, mfalme wa baadaye, naye alijiita Antoninus. Kwake tafuta IMP mwanzoni, na mara nyingi nyota pembeni mwa picha ya nyuma. Na kichwa kikiwa na taji la miale badala ya majani, hiyo si dinari tena. Ni antoniniano, iliyoanzishwa na Caracalla huyuhuyu. Za kwanza zina takriban gramu 5.

SWALI: Dinari yangu ya mfalme Trajan wa Roma ina gramu 2.6 tu, na ukingoni shaba inachungulia. Sonara anasema ni feki. (Msomaji, Stuttgart)

JIBU: Huenda ni feki, ila feki ya Warumi wenyewe. Walaghai wa enzi hizo walivika kipande cha shaba ngozi ya fedha, na shaba ni nyepesi kuliko fedha. Dinari halali ya Trajan hukaribia gramu 3.3. Chukua lenzi ya kukuza mara 10. Ngozi iliyopasuka na kuinuka kingo, chini yake kutu ya kijani, ni dalili ya ukale. Vishimo vya mapovu, herufi butu na mstari wa kiungo ukingoni ni dalili za sarafu iliyomiminwa kwenye kalibu.

Kuipima ndani ya maji hakutakupa kiwango cha fedha. Sarafu ya gramu 3.20 ikipungua gramu 0.32 majini, msongamano (3.20 kugawa kwa 0.32) ni 10.0. Lakini mizani ikikosea kwa 0.01 tu, unapata 9.7 au 10.3. Na limau na majivu viweke mbali: ngozi hiyo ya fedha ni nyembamba, ukiisugua inabanduka.