Mtoto hakulia alipozaliwa: ya kuuliza na ya kuangalia

Tangu majirani waanze kuniona nikimpeleka mwanangu, aliyechelewa kulia alipozaliwa, kwenye mazoezi ya viungo, akina mama huniuliza: "Wangu naye alichoka wakati wa kuzaliwa, atakuwa mzima?" Wengi huwa wazima. Mtoto aliyechelewa kulia, akapewa hewa kwa ambu, ule mfuko wa kusukumia hewa mapafuni, ndani ya dakika ile ya kwanza, kisha akanyonya vizuri, mara nyingi hana tatizo. Wa kuwahofia ni wale wanaobaki wamelegea, wanaokataa ziwa, au wanaopata degedege siku za mwanzo.

Na degedege la kichanga lisikupite. Wangu hakutikisika mwili mzima. Alikodoa macho upande mmoja, akawa anamung'unya midomo huku miguu inakanyaga kama anaendesha baiskeli. Bibi yake akasema anacheza na malaika. Ukiona hivyo mwite muuguzi palepale, usingoje raundi ya asubuhi.

Kabla hamjaruhusiwa, omba uandikiwe alama za Apgar (zinazoonyesha hali ya mtoto mara tu azaliwapo) za dakika ya 1 na ya 5, kama alisaidiwa kupumua na kwa muda gani, na kama alipata degedege. Alama ndogo ya dakika ya kwanza peke yake haimaanishi ubongo umeumia. Lakini daktari mtakayemwona miezi sita baadaye ataanzia kwenye karatasi hiyo.

Ukiambiwa hukusukuma vizuri, usiibebe lawama hiyo. Kondo la nyuma kuachia mapema, kitovu kutangulia mtoto, uchungu pingamizi, yaani mtoto kukwama njiani: hakuna mama anayeyachagua hayo.

Nyumbani, angalia shingo. Ikiwa miezi 4 imefika bado haijakaza, ngumi zimefumbwa kutwa na kidole gumba kiko ndani, au miguu inakakamaa na kupishana ukimwinua, nenda kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Kwa Dar es Salaam kuna hospitali ya CCBRT. Usisubiri mpaka mtu atamke mtindio wa ubongo, yaani ulemavu wa viungo utokanao na ubongo kuumia. Utaambiwa hata baba yake alichelewa kutembea. Itikia, kisha panda daladala.

Mazoezi yenyewe mengi ni ya nyumbani, wakati wa kumwogesha na kumvalisha. Kulisha ndiko kugumu. Usimnyweshe uji amelala chali, unaingia kwenye mapafu. Mkalishe wima, kichwa kisilale nyuma, kidevu kiiname kidogo, kijiko kidogo, na umngoje ameze kwanza. Bakuli moja laweza kuchukua saa nzima.