Kabla hujalipa ada ya bweni: kumtafutia sekondari mtoto mwenye usonji huku Mbeya

Darasa la saba wakishamaliza mtihani mwezi Septemba, magrupu ya WhatsApp ya wazazi hapa Mbeya yanajaa matangazo ya prifomu wani, yale masomo ya maandalizi kabla ya kidato cha kwanza. Picha ya ghorofa, basi la njano, na chini yake idadi ya divisheni wani. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora tangu Januari 2023, lakini shule zimeendelea kujipigia hesabu zenyewe. Sasa wewe una mtoto mwenye usonji (autism), au asiyeweza kutulia, au anayehangaika kusoma sentensi moja ilhali ukimuuliza kwa mdomo anakujibu vizuri kuliko wenzake. Tangazo hilo halikuambii chochote unachotaka kujua.

Wangu ana usonji. Anaongea, hesabu anazipenda, na habari za treni za TAZARA hakuna wa kumshinda nyumbani. Ila ukimbadilishia mpango wa asubuhi bila kumtaarifu, siku hiyo imekwisha.

Katika kuzunguka kwangu kuanzia Uyole hadi Tukuyu, nikapanda tena mpaka Mafinga, nimebaki na msimamo mmoja: usiichague shule kwa darasani, ichague kwa saa za nje ya darasa. Darasani kuna mwalimu, kuna dawati lake, kipindi kinajulikana kinaanza lini na kinaisha lini. Mtoto wa namna hii anaumizwa kwenye foleni ya chakula, bafuni, kwenye prepu ya usiku, na bwenini taa zikishazimwa. Huko ndiko kwa kuuliza, na huko ndiko wakuu wa shule wasikopenda kukupeleka.

Kwa hiyo usiende siku ya mahafali. Nenda siku ya kawaida, karibu na saa ya chakula cha mchana, na mtoto awepo. Kwenye shule moja ya kutwa, kengele yao ilikuwa rimu la lori limening'inizwa mtini, linagongwa kwa nondo. Lilipolia, kijana wangu akaziba masikio na kuchuchumaa pale pale uwanjani. Wanafunzi wawili wakaanza kucheka. Mwalimu wa zamu hakuwafokea wala hakumvuta mtoto mkono. Akasogea, akasimama kati yake na wale wanaocheka, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, ni kelele?" Kabla ya kengele iliyofuata akaja kumwambia, "Italia sasa hivi, ziba masikio." Basi. Yule mwalimu hakuwa amesomea elimu maalumu popote.

Shule nyingine, yenye jina kubwa, nilipoeleza hali ya mtoto niliambiwa, "Usiwe na wasiwasi mama, hapa tutamnyoosha." Nikashukuru, nikaaga.

Sisemi kusomea hakuna maana. Mwalimu aliyepita Chuo cha Ualimu Patandi kule Arusha, wanakofundisha elimu maalumu, ni bahati ukimpata katika sekondari binafsi za huku kwetu. Muulizie. Lakini uliza pia anafundisha nini hapo shuleni, maana unaweza kukuta amepewa vipindi vya jiografia tu na hakuna anayemshirikisha jambo.

Maswali mengine yaulize bila aibu. Wastani wa shule ni ngapi, na asiyeufikia anafanywaje? Shule nyingi zitakuambia anakariri darasa au mzazi "anashauriwa" kuhamisha, na ushauri huo huwa unakuja ukiwa umeshalipa. Viboko je? Kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu visivyozidi 4, tena vichapwe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi. Uliza ni nani hasa anayeshika fimbo pale. Ukiona walimu wanatazamana kwanza, umeshajibiwa. Halafu ratiba: bweni linaloamsha watoto saa 10 alfajiri kuoga maji ya baridi, mwezi wa Juni, Mafinga au Njombe, kwa mtoto ambaye ngozi yake haivumilii hata lebo ya shati, ni mateso. Uliza kama anaweza kuvaa fulana ya pamba chini ya sweta la sare. Na kama ni Tukuyu, uliza darasa lina dari. Mvua ya kule juu ya bati tupu, hata mimi sisikii mwalimu anasema nini.

Mtihani wa taifa nao una jambo lake. Baraza lina utaratibu kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu, ikiwemo kuongezewa muda, lakini taarifa inapelekwa na shule wakati wa usajili. Mwalimu wa taaluma asipojua utaratibu huo, mtoto atakaa na wenzake kwa muda ule ule. Ripoti ya daktari itafute mapema, usingoje kidato cha nne.

Kuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inayokataza kumbagua mtoto katika elimu. Ijue, itakusaidia getini. Ndani ya geti inategemea watu.

Kuhusu bweni, najua nitapingwa. Huku kwetu mzazi asiyepeleka bweni anaonekana bahili, au anadekeza. Kwa mtoto wa namna hii, angalau kidato cha kwanza na cha pili, mimi nasema kutwa, hata kama shule ni ya kawaida na bajaji ya kila siku inauma mfukoni. Akirudi nyumbani jioni utaiona hali yake usoni. Akiwa bweni utaisikia likizo, na pengine hatakuwa na maneno ya kukueleza.

Ukishapata shule, andika ukurasa mmoja kwa Kiswahili chepesi: kinachomvuruga, dalili za kwamba anavurugika, kinachomtuliza, na ambacho kisifanywe kamwe. Toa nakala. Mpe mwalimu wa darasa, mpe matroni au patroni, na mpe mlinzi wa getini, maana mtoto akiamua kuondoka, mlinzi ndiye atakayemwona wa kwanza. Muoneshe mlinzi na picha.

Na prifomu wani itumie kama majaribio. Lipia hiyo peke yake. Ikiisha, muulize mtoto anataja jina la mtu gani wa pale shuleni. Akitaja hata mpishi, lipa awamu ya kwanza. Shule ikikulazimisha kulipa ada ya mwaka mzima kabla ya hapo, tafuta nyingine.