Kwa Wanaoanza Kuongoza Mazungumzo ya Waandishi wa Riwaya za Uhalifu

Wikiendi iliyopita, katika ukumbi mmoja hapa Uskoti, nilimsikia kijana aliyepewa kazi ya kuongoza mazungumzo akianza swali kwa maneno, "Sasa kwa kuwa tumejua mumewe hakufa," nami nikajikuta nimefumba macho safu ya nyuma. Wadogo zangu, nawapenda, lakini makosa mnayoyafanya ni yale yale niliyoyafanya mimi, na mengine mmeyanogesha.

1. Wasifu wa mwandishi usizidi sentensi mbili. Waliokata tiketi wanamjua kuliko wewe. Wapo waliomfuata Rebus, mpelelezi wa Edinburgh katika riwaya za Ian Rankin, tangu 1987, na mtu wa namna hiyo hahitaji kuelezwa Edinburgh ikoje.

2. Soma kitabu chote, si maelezo ya jalada la nyuma.

3. Muuaji asitajwe. Mnacheka, lakini mimi nilimtaja. Lilikuwa tamasha dogo, ambalo silitaji jina kwa sababu kosa lilikuwa langu peke yangu. Nilikuwa nimeisoma riwaya mara mbili, nimejaza daftari, na nilikuwa nimejidanganya kwa hoja iliyoonekana ya kisomi: mwandishi William McIlvanney, katika riwaya yake Laidlaw ya mwaka 1977, hamfichi muuaji, bali anamwonyesha mapema na kutuacha tuuone mji wa Glasgow unavyomwinda, basi nikaamini kwamba riwaya yoyote nzuri ya Uskoti haitegemei siri. Nikamwuliza mwandishi wa riwaya ile, mama mmoja, kwa sauti ya kujiamini, ni lini hasa aliamua kwamba mchungaji ndiye awe muuaji. Kitabu kilikuwa kimetoka siku mbili tu kabla. Ukumbi ulinyamaza, kisha ukaguna kama mtu mmoja. Mwandishi aliitazama glasi yake ya maji, akajibu kwa upole kwamba aliamua mapema kidogo kuliko wasomaji wake walivyotarajia kujua, watu wakacheka, akaniokoa. Baadaye, kwenye meza ya kusaini, bibi mmoja aliyeshika nakala mbili alirudisha moja kwa muuzaji, akanigeukia na kusema kwamba ile ya dada yake ataichukua, kwa kuwa dada yake hakuwepo ukumbini.

4. Mpigie mwandishi siku chache kabla, umwulize unaruhusiwa kufika ukurasa wa ngapi.

5. Msiwaogope. Wanaoua watu wengi zaidi vitabuni huwa ndio wapole zaidi nyuma ya jukwaa. Katika tamasha la riwaya za uhalifu la Bloody Scotland, lililoanza mwaka 2012 mjini Stirling, waandishi wa Uskoti hucheza mpira na wenzao wa England, na ukishamwona bingwa wa mauaji akihema pembeni ya uwanja, hutatetemeka tena mbele yake.

6. Swali la ukumbini lirudie kwenye kipaza sauti. Akisimama mzee anayetaka kusimulia riwaya yake ambayo haijachapishwa, mkatize kwa adabu na umwelekeze Stirling kwenye kikao cha Pitch Perfect cha tamasha hilo la Bloody Scotland, ambako wasiochapishwa bado hunadi hadithi zao kwa muda mfupi. Mimi nilimwonea mmoja haya, nikamwacha aendelee. Alikuwa amefika sura ya tisa fundi sauti alipomzimia kipaza sauti.