Magunzi yako yasiishie majivu

Ndugu, umeuliza kama mkaa wa magunzi ya mahindi unafaa kuchanganywa na udongo wa bustani. Unafaa sana. Chimba shimo lenye umbo la faneli, washa moto chini, kisha ongeza magunzi makavu kidogo kidogo. Ukiona ya juu yanaanza kuvaa jivu jeupe, tandika mengine. Mwisho mwagia maji, koroga, mwagia tena. Kaa la katikati ni janja: langu liliamka usiku, asubuhi nikakuta jivu tupu.

Mkaa huo usiuweke bustanini mkavu hivyo hivyo, utanyonya naitrojeni, chakula cha mimea kilicho udongoni, na sukuma wiki itageuka njano. Uponde, uchanganye na samadi mbichi, uache wiki mbili tatu. Mabua ya mahindi nayo usiyachome, yatandaze juu ya tuta, ila acha nafasi ya kiganja kuzunguka shina la mmea, lisije likaoza.